Njia ya Mkato Mlimani

Wako maadui wa mlima wanaokuja na shoka, na wako wanaokuja na kiberiti. Hao watu wote huwajua, na sheria huwatafuta. Lakini yuko adui mwingine ambaye haji na silaha yo yote. Huja na viatu vyake, mfuko wake wa chakula na nyimbo zake. Hulipa kiingilio langoni, humwamkia askari kwa adabu, huusifu mlima kwa maneno matamu. Kisha, kabla jua halijatua, huwa amekwisha kuutia mlima jeraha. Adui huyo ni mtembezi anayeiacha njia akafuata mkato. Nataka kumshitaki leo mbele yenu. Tena ni haki niseme mapema, asije mtu akanifichua baadaye, kwamba mshitakiwa huyu namfahamu sana, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wao.

Mahali nitakapotolea ushahidi wangu ni Mlima Longonot. Mlima huu umesimama katika Bonde la Ufa, karibu na Ziwa Naivasha, kiasi cha kilomita 90 kutoka Nairobi, na tangu mwaka wa 1983 umekuwa hifadhi ya taifa. Kilele chake kina kimo cha mita 2,776 juu ya usawa wa bahari. Jina lake limetoka katika lugha ya Kimasai, na maana yake ni mlima wenye migongo mingi ya mteremko mkali. Na ye yote aliyeuona kutoka mbali atakubali kwamba waliompa mlima jina hilo walikuwa na macho mema. Ni mlima wa volkeno, nao wasadikiwa kuwa ulitema moto mara ya mwisho katika miaka ya 1860. Mgeni akiingia langoni hupanda kiasi cha kilomita tatu hadi ukingo wa lile shimo kuu ambalo wanajiografia huliita kasoko. Hapo hushangaa, maana alidhani ataona jiwe tupu, kumbe chini kabisa mna msitu wa kijani, na katika kuta mna mvuke unaofuka polepole. Mwenye nguvu huendelea kuuzunguka ukingo wote, mwendo wa kilomita saba hivi, akipitia kileleni, kisha hushuka kwa njia aliyoipanda.

Siku za Jumamosi na Jumapili watu wengi huenda huko: wanafunzi, vijana wa makanisa, wafanyakazi wa maofisi, na wazazi pamoja na watoto wao. Jambo hili ni la kufurahisha. Mtu asidhani kwamba nakusudia kuwazuia watu wasipande milima. Nchi isiyotembelewa na watoto wake ni kama nyumba ambayo mwenyewe huiona kwa dirishani. Nataka watu waende, tena waende kwa wingi. Lakini kwa kuwa wanakwenda kwa wingi, ndiyo sababu yanipasa kusema.

Nilipokuwa katika chuo cha ualimu, miaka kumi na miwili iliyopita, tulikwenda Longonot jumla ya watu thelathini. Tulikuwa vijana, tulikuwa na nguvu, na kila mmoja wetu alitaka kuwa wa kwanza kufika ukingoni. Tulipofika nusu ya mteremko, njia ilipinda kwa utaratibu, kama mtu mzima anayepanda ngazi. Mbele yetu, kati ya vichaka vya mileleshwa, palikuwa na majani yaliyolala kidogo, kana kwamba watu wawili au watatu walikuwa wamepita hapo. Sikungoja. Nilipanda moja kwa moja, nikishika matawi kwa mikono, mawe yakiporomoka chini ya miguu yangu, na wenzangu kumi wakanifuata. Tulifika juu dakika chache kabla ya wale waliofuata njia. Tuliwapokea kwa vicheko, tukawaita wazee. Jioni ile, ndani ya gari, niliusimulia ushindi wangu mara tatu.

Mwaka jana nilirudi, sasa nikiwa mwalimu, nikiongoza wanafunzi arobaini na wawili. Nilipofika mahali pale niliyatafuta yale majani yaliyolala, nisiyaone. Palikuwa na mfereji mahali pake, wenye kina cha kumfika mtoto kiunoni. Kuta zake zilikuwa za majivu, na mizizi ya mileleshwa ilining'inia nje kama kamba za nyumba iliyobomoka. Kando ya mfereji huo palikuwa na kijia kipya, kwa sababu mfereji wenyewe ulikuwa haupitiki tena. Na kando ya kijia hicho, kingine kilikuwa kikianza. Watu waliponda jeraha moja hata likawa baya mno, kisha wakahamia kwenye ngozi nzima iliyo jirani yake.

Wakati wa kushuka, mvulana mmoja katika kundi langu aliachwa nyuma kidogo. Akataka kutufikia upesi, akashika mkato. Mawe mepesi yalibingirika chini ya viatu vyake kama maharage juu ya sakafu, akaangukia katika ule mfereji, na kifundo cha mguu kikateguka. Wenzake walimbeba kwa zamu hadi chini, wanne kwa wanne, mwendo wa saa mbili kasoro kidogo. Hakulia, walakini uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Tulipopumzika kivulini, msichana aliyekuwa amechukua mfuko wa mgonjwa akaniuliza, “Mwalimu, ni nani aliyeanzisha njia hii?”

Nikamjibu, “Ni watu waliopita zamani.”

Jibu langu lilikuwa kweli, lakini halikuwa kweli yote. Na mwalimu anayetoa nusu ya jibu ajua vema alama anazostahili kupewa. Makala haya ni nusu iliyobaki.

Kwanza tuuelewe mlima wenyewe. Longonot si mwamba mtupu. Sehemu kubwa ya miteremko yake ni majivu ya volkeno na mawe mepesi yenye matundu, ambayo mengine ukiyatia majini huelea. Udongo kama huo haujishiki wenyewe. Hushikwa na majani na mizizi. Mguu wa kwanza huyalaza majani. Mguu wa kumi huyavunja. Mguu wa mia huifikia mizizi. Baada ya hapo mlima hauna tena mlinzi mahali pale, nao hungoja mvua kama mtu aliyenyang'anywa ngao na kuachwa uwanjani.

Mvua ikinyesha, maji hutafuta njia. Yakiikuta njia inayokwenda kwa kuuzunguka mteremko, hutembea, na aghalabu hunyonywa na ardhi kabla hayajafika mbali. Yakiikuta njia iliyonyooka kutoka juu hata chini, hukimbia. Na elimu ya fizikia mnayofundishwa darasani yasema kwamba kitu kinachokwenda, mwendo wake ukizidishwa mara mbili, nishati yake huzidi mara nne. Ukizidishwa mara tatu, nishati huzidi mara tisa. Kwa hiyo maji yanayokimbia si maji yale yale yanayotembea. Yanayotembea hunywesha, yanayokimbia huchimba. Mwenye kukata njia iliyonyooka juu ya mteremko amewachimbia maji barabara ya mbio, na maji hayatakosa kumshukuru kwa namna yao.

Hapa ndipo ilipo hatari kubwa ya kosa hili. Mtembezi huianza kazi, lakini mvua ndiyo inayoimaliza. Mkataji wa mti huuona mti ukianguka. Hawezi kusema hakujua. Lakini mtu wa mkato haoni anguko lo lote. Wakati jeraha lake linapopanuka, yeye amekwisha kurudi mjini, ameoga, amekula, na picha zake amewaonyesha marafiki. Ndiyo maana mtu mwema, asiyeweza kumwibia jirani yake hata yai moja, huweza kuuharibu mlima wa taifa zima na kulala usingizi mnono.

Najua watu wa mkato wanavyojitetea, kwa kuwa hoja zao zilikuwa zangu. Tuzisikilize moja moja, maana mshitakiwa hahukumiwi kabla ya kusikilizwa.

Husema kwanza, “Mguu wa mtu mmoja una uzito gani? Mlima mkubwa kama huu utadhurika kwa kupita kwangu mara moja?” Wazee walimjibu mtu huyu kabla hajazaliwa: chovya chovya humaliza buyu la asali. Lakini nitaongeza neno. Mlimani hapana mtu anayepita peke yake. Alama ya mguu ni maandishi, na maandishi yake husema, “Hapa hupitika.” Mimi nilisoma maandishi ya watu wawili au watatu, wenzangu kumi wakayasoma yangu, waliokuja juma lililofuata wakatusoma sisi sote. Mtu asipime kosa lake kwa uzito wa mwili wake, bali kwa idadi ya watakaomfuata.

Husema pili, “Nyati, pundamilia na twiga hupita wapendapo, mbona wao hawashitakiwi?” Hoja hii hupendwa sana na wenye kupenda mzaha, nayo yastahili jibu. Mnyama hutawanyika. Leo hula hapa, kesho kule, na mteremko mkali kwa kawaida huupanda kwa kuukata kimshazari, maana ana akili ya kutunza pumzi zake. Hajapata kutokea nyati mia mbili wakakusanyika Jumamosi asubuhi, wote wamevaa viatu vya mpira, wote wakishindana kufika ukingoni ili wakapigwe picha. Walakini sitaki kumpendelea mnyama kuliko haki. Ng'ombe wengi wakipitishwa mahali pamoja kila siku kwenda mtoni, nao huchimba korongo. Kila mfugaji alijua hilo, na mfugaji mwenye busara hubadilisha njia yao. Basi kama mnyama mwenye mchungaji huongozwa njia, je, mwanadamu aliyepewa akili asijiongoze mwenyewe?

Husema tatu, “Nimelipa kiingilio.” Ndiyo, umelipa. Lakini kiingilio ni ruhusa ya kuingia, si hati ya kununua. Mtu aliyelipa nauli ya basi hapasui viti. Aliyelipa karo ya shule havunji madawati. Na mgonjwa aliyelipa hospitali hachukui kitanda nyumbani. Fedha uliyotoa langoni haikuununua hata ukoka mmoja. Imekupa haki ya kuona kitu ambacho si chako peke yako, na kukiacha kama ulivyokikuta kwa ajili ya yule atakayelipa kesho.

Husema nne, “Njia ni ndefu, yachosha, na muda ni mfupi.” Hoja hii huonekana kuwa ya maana, lakini hesabu haikubaliani nayo. Kazi ya kuuinua mwili wako kutoka chini hata juu ni ile ile, uwe umepita njia ndefu au fupi, kwa sababu kimo ni kile kile. Mkato haukupunguzii kazi. Waibana tu katika muda mfupi, na ndiyo sababu moyo wa mtu wa mkato hupiga kama ngoma ya arusi na miguu yake hutetemeka. Nakumbuka vizuri: sisi tuliofika kwanza tulilala chini kifudifudi tukitafuta pumzi, na wale “wazee” tuliowacheka walipofika, walikuwa wakizungumza. Walipita mbele yetu wakaendelea kuuzunguka ukingo. Sisi tuliwafuata nyuma siku nzima. Hili sikulisimulia garini.

Husema mwisho, na hii ndiyo hoja yao yenye nguvu, “Njia yenyewe imeharibika. Ina vumbi, ina mashimo, mvua ikinyesha huteleza. Kama wenye kuitunza hawaitengenezi, sisi tufanye nini?” Hapa nakubali sehemu ya maneno yao. Wenye kutunza mlima wana wajibu wa kuitunza njia, kuiwekea ngazi panapostahili ngazi, na kuyakinga maji yasishuke ndani yake. Nasi tunaolipa tuna haki ya kuwakumbusha wajibu huo kwa barua na kwa mdomo, tena kwa adabu na bila ya kuchoka. Lakini kutoka hapo hata kuihama njia ni safari ndefu ya mawazo. Bati la nyumba likivuja, mwenye nyumba hatoboi bati la pili. Asiyeziba ufa hujenga ukuta. Je, asiyeziba ufa, kisha akapasua ukuta mwingine kando yake, atajenga nini? Atakosa nyumba. Njia moja iliyoharibika huweza kutengenezwa. Njia sita zilizoharibika, zilizotandazwa kama vidole vya mkono juu ya mteremko mmoja, humshinda hata fundi mwenye nia njema.

Wanafunzi wapenzi, mimi si mtu wa kwanza kusema kwamba mteremko hauendewi kwa pupa. Nchi yetu yenyewe imekwisha kulisema hilo kwa vitendo. Mtokapo Nairobi kwenda Longonot kwa barabara ya Mai Mahiu, mtateremka ukingo wa Bonde la Ufa. Barabara ile ilijengwa kwa mikono ya mateka wa Kiitalia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, na kanisa dogo walilolijenga mwaka wa 1942 lingali limesimama kando ya njia. Tazameni jinsi barabara inavyokwenda. Haikujitupa bondeni, imeuegemea ukingo, ikashuka kwa kuufuata. Hata waliokuwa kifungoni, wenye kila sababu ya kutaka kazi iishe, hawakuijenga kwa mkato.

Tena kabla yao walikuwako wajenzi wa reli. Walipofika ukingo ule ule mwishoni mwa karne ya 19, walikuwa na haraka kubwa ya kulifikia Ziwa Victoria. Wakajaribu mkato: waliyateremsha mabehewa juu ya mteremko mkali kwa kamba za chuma. Mkato huo ulikuwa wa muda tu. Njia ya kudumu, ile inayoshuka taratibu kwa kuuzunguka mlima, ilipokwisha kujengwa, kamba ziliachwa. Reli ilifika Kisumu mwaka wa 1901, na ile iliyobaki kuwatumikia watu kwa miaka mingi ni njia ndefu. Mkato umebaki katika vitabu vya historia.

Na kama mifano ya wageni haiwatoshi, nendeni Machakos. Katika miaka ya 1930 sehemu nyingi za huko zilitajwa kwa makorongo yake na udongo wake uliochukuliwa na mvua. Leo msafiri huona vilima vilivyochongwa matuta kama ngazi, kimoja baada ya kingine. Wakulima, wengi wao wanawake katika vikundi vya mwethya, walichimba mitaro ya kukata mteremko, wakautupa udongo upande wa juu, na kwa hiyo matuta hayo yakaitwa “fanya juu.” Kila tuta ni neno moja linaloambiwa maji: tembea, usikimbie. Mama aliyeinama na jembe siku kumi ili ayazuie maji yasishuke moja kwa moja shambani mwake, atasema nini akimwona mwanawe, aliyesomeshwa kwa mavuno ya shamba lile, akiyafungulia maji njia iliyonyooka katika mlima wa taifa, ili tu aokoe dakika tano?

Nami nauliza tena: dakika tano hizo za nini? Njia ndefu ina zawadi zake. Kila inapopinda humgeuza mtembezi uso, naye huona upande ambao hakuuona kabla: hapa Ziwa Naivasha limelala kama sinia ya fedha, pale Mlima Suswa umejitandaza upande wa kusini, na akifika juu, ukingo wa magharibi humwonyesha mvuke wa Olkaria, ambako tangu mwaka wa 1981 joto la ardhi limekuwa likigeuzwa kuwa umeme. Hizo ni jiografia na fizikia zilizowekwa wazi mbele ya macho, bila ubao na bila chaki. Mtu wa mkato huona nini? Huona visigino vya mwenzake aliye mbele, na mikono yake mwenyewe inayoshika matawi. Amesafiri kutoka mbali, amelipa nauli na kiingilio, ili kuona visigino.

Lakini nisingaliandika makala marefu hivi kwa ajili ya mandhari tu. Kuna jambo jingine, nalo lawahusu ninyi zaidi kuliko mlima. Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga, na mkato hauishi mlimani. Mtu huuzoea mguuni, kisha humpanda kichwani. Mwanafunzi anayenunua majibu ya mtihani amepita mkato. Anayenakili kazi ya mwenzake usiku wa kuamkia siku ya kusahihishwa amepita mkato. Kama vile mlimani, naye hufika mbele kwa muda, naye huwacheka walio nyuma. Na kama vile mlimani, madhara hayaonekani siku ile. Huonekana baada ya miaka, wakati mgonjwa analazwa mbele ya tabibu asiyejua dawa, au wakati daraja linapobeba watu na mjenzi wake hakujua hesabu. Sisemi kwamba kila aliyeacha njia Longonot ataiba mtihani. Hilo lingekuwa tusi, na mimi mwenyewe sikuiba. Nasema kwamba tabia ni mteremko wa majivu kama ule: majani yakilazwa mara moja, ni vyepesi kuyalaza mara ya pili.

Basi nawaomba mambo manne, nanyi myafanye safari yenu ijayo, iwe Longonot, iwe Ngong, iwe Ol Donyo Sabuk, au kilima kisicho na jina katika vitabu kilicho nyuma ya shule yenu.

La kwanza, mwekeni mbele yule atembeaye polepole kuliko wote. Kundi likimfuata mpole halivunjiki, na lisilovunjika halina mtu wa nyuma anayetafuta mkato ili awafikie wenzake. Kosa la mvulana wangu lilikuwa kosa langu: nilimwacha awe wa mwisho.

La pili, piteni katikati ya njia, hata ikiwa na vumbi. Viatu hufutwa, nguo hufuliwa, mteremko haufuliwi.

La tatu, mkiona majani yaliyolala kidogo pembeni, yaacheni yainuke. Mkikuta matawi makavu yamewekwa kuziba kijia, msiyaondoe. Aliyeyaweka hapo hakuyasahau.

La nne ndilo gumu. Mkimwona mkubwa wenu akiiacha njia, mwambieni. Mwambieni kwa heshima, kama inavyompasa mtoto wa watu: “Mwalimu, njia iko huku.” Msiogope kwamba atakasirika. Huenda akakasirika kwa dakika moja, na akawashukuru kwa miaka. Laiti mmoja wa wale kumi walionifuata angaliniambia maneno hayo siku ile, ningalicheka, ningalibishana naye, na yamkini ningalirudi.

Yule mvulana alipona, naye hutembea vizuri. Yule msichana bado ni mwanafunzi wangu, na muhula ulipoanza nilimwita baada ya somo, nikampa nusu ya jibu niliyomnyima mlimani. Nilimwambia kwamba miongoni mwa watu waliopita zamani nilikuwamo mimi, tena nilikuwa mbele. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama tutarudi tena Longonot mwaka huu. Nilimwambia tutarudi, na kwamba yeye ndiye atakayetangulia kuongoza kundi. Akaniuliza nitakuwa wapi mimi. Nikamjibu kwamba nitakuwa nyuma kabisa, nikihakikisha kwamba hapana aliyebaki.